Kutembea peku Nairobi bila kuumia: mwongozo kamili, kutoka tailisi za nyumba hadi njia za Karura

Wengi wananiandikia kitu kimoja. Mtu ameamua kuanza kutembea peku, Jumamosi anaenda msitu wa Karura anavua viatu karibu na geti, anatembea saa nzima akiskia raha kweli, Jumapili anarudia, Jumatano hawezi kushuka ngazi za ploti bila kushika ukuta, na kabla mwezi uishe amerudia raba zake na anaambia kila mtu hiyo maneno ya peku haifanyi kazi. Mwingine alikanyaga kijiti cha mishkaki. Mwingine kisigino kinamchoma kila asubuhi akishuka kitandani. Hii hadithi imejirudia sana, so nimeandika kila kitu mahali pamoja, hatua kwa hatua na sababu ya kila hatua.

Shida karibu kila mara ni ile ile. Ngozi ya wayo inazoea haraka, wiki chache tu na kokoto hazikusumbui tena. Misuli inachukua muda zaidi. Kano na mifupa zinachukua miezi. Sasa kuna kipindi hapo katikati ngozi inakuambia twende na mifupa haiko tayari, na hapo ndipo watu wanaumia. Kuna utafiti ulitoka 2013, wakimbiaji walihamishwa kutoka viatu vya kawaida kwenda vile vyembamba sana vinavyofanana na kuwa peku, na baada ya wiki 10 picha za MRI zilionyesha mifupa ya miguu yao imeanza kuchoka kwa ndani kuliko wenzao waliobaki na viatu vyao. Na hao walikuwa watu wa mazoezi, sio mtu ameketi ofisini Upper Hill siku nzima.

## Unapata nini hasa

Mguu mmoja una mifupa 26 na misuli midogo mingi ambayo ndani ya kiatu kigumu inakaa tu, haina kazi. Ukiipatia kazi inapata nguvu. Chuo Kikuu cha Liverpool kilichapisha utafiti 2021, watu walivaa viatu vyembamba kwa shughuli zao za kawaida miezi 6, na nguvu ya miguu ikaongezeka kwa wastani wa karibu asilimia 57. Hawakwenda gym. Walitembea tu.

Faida ya pili ni ile watu hawaithamini, kuskia. Wayo umejaa neva zinazoambia ubongo uko wapi, umeinama upande gani, umekanyaga nini, na hiyo ndiyo inakusaidia usianguke, hasa umri ukisonga. Na usiogope kwamba ukiota sugu utapoteza hiyo kuskia. Utafiti mwingine ulichapishwa kwa jarida la Nature 2019, ukahusisha Wakenya wa magharibi mwa nchi, wengine wazoefu wa kutembea peku wengine wa viatu, pamoja na Wamarekani, na wakakuta sugu ya mtu anayetembea peku ni nene zaidi na bado anaskia ardhi vizuri tu kama yule wa viatu. Sugu ya kutembea ni kinga, usikimbilie kuikata.

Lakini hizi faida zinakuja kwa mtu anayesikiliza miguu. Ukitembea peku huku unascroll simu umebaki na hatari peke yake.

## Nani asianze kabla ya kuona daktari

Kama una kisukari, tafadhali, hii si yako. Kisukari kinaua neva za miguu pole pole bila wewe kujua, unaweza kukanyaga msumari na usiskie chochote hadi uone damu kwa soksi, na kidonda cha mguu kwa mtu wa kisukari kinaweza kufika mahali pa kukatwa mguu. Wagonjwa wa kisukari wanashauriwa wasitembee peku hata ndani ya nyumba.

Pia ngoja kama una ganzi ya miguu ya sababu yoyote, shida ya mishipa ya damu, kidonda wazi, magaga yanayotoa damu, ama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Mguu bapa sio kizuizi, ila utaenda pole zaidi ya wengine.

## Vitu vya kuwa navyo

- Beseni, sabuni ya kawaida, na taulo ya miguu peke yake
- Kioo kidogo na tochi ya simu
- Kibano kile cha kung'oa nyusi, spiriti, pamba na plasta
- Jiwe la kusugulia miguu na mafuta ya mgando
- Mpira wa tenisi, ama chupa ndogo ya plastiki iliyojaa maji
- Kokoto za mviringo za kujaza beseni lingine nusu. Wale wanaouza miche kando ya barabara huwa nazo, ni zile za kupamba maua. Usichukue kokoto za ujenzi, zimevunjwa na mashine na zina makali
- Patipati nyepesi ama akala kwa mfuko, kila siku, hata kama unaenda mita hamsini

Alafu kuna chanjo ya pepopunda. Mtu mzima anafaa kuongezewa kila miaka 10, na wengi wetu ya mwisho tulichomwa tukiwa watoto. Ipate kabla ya kutoka nje ya geti.

## Hatua ya 1: Ijue miguu yako kwanza

Hii hatua ndiyo watu wanaruka wote, na ndiyo naipenda zaidi. Fanya jioni, ukiwa huna haraka.

Osha miguu kwa maji ya uvuguvugu, ikaushe vizuri hadi katikati ya vidole, alafu keti mahali pana mwanga, weka kioo chini ya wayo na umulike na tochi. Angalia katikati ya vidole kama kuna ngozi nyeupe imelainika na inawasha, hiyo ni fangasi, itibu kwanza. Angalia kisigino kama kuna nyufa. Angalia sugu ziko wapi, manake sugu zinakuonyesha ni wapi unaegemea: mwingine zote ziko upande wa nje, mwingine chini ya kidole gumba peke yake. Angalia kama vidole vimebanwa pamoja na kile kidogo kimelala chini ya jirani yake, hiyo ni kazi ya miaka ya viatu vyenye ncha.

Alafu fanya jaribio la kuskia. Funga macho, mtu wa nyumbani akuguse na kipande cha pamba, polepole, kidole kimoja baada ya kingine, alafu chini ya wayo na kisigino. Wewe sema amegusa wapi. Kwa sugu nene pamba inaweza kupotea, hapo atumie ncha ya kidole. Lakini ukikosa mahali pengi, ama mguu mmoja ukiwa tofauti sana na mwingine, simamia hapo na uende kliniki. Kuna watu wamegundua kisukari namna hiyo.

Mwisho, lowesha nyayo ukanyage simiti kavu ama gazeti. Piga picha ya ile alama. Utaona kisigino, mpira wa mbele wa mguu, vidole, na ule mkanda wa upande wa nje unaoviunganisha. Miezi kadhaa baadaye utapiga nyingine ulinganishe vile vidole vimejipanga.

*Utajua umefaulu* ukiweza kusema bila kuangalia sugu zako ziko wapi na mguu gani unaskia vizuri kuliko mwingine.

*Onyo:* magaga usiyakate na wembe. Loweka miguu, sugua na jiwe kidogo kidogo, paka mafuta ya mgando, vaa soksi ulale nazo. Ukitembea peku na nyufa ambazo ziko wazi, uchafu unaingia moja kwa moja.

## Hatua ya 2: Amsha vidole

Dakika kama kumi kila siku, wiki mbili. Unaweza kufanya ukiangalia taarifa ya saa moja.

Inua kidole gumba peke yake, vile vinne vibaki chini. Alafu geuza: gumba libaki chini, vinne viinuke. Siku ya kwanza wengi hawawezi kabisa, wanaangalia mguu kama ni wa mtu mwingine, na hiyo ni kawaida, usikate tamaa. Kisaidie na mkono mara za kwanza. Njia ya kuongea na huo mguu ipo, ni vile haijatumika siku nyingi.

Ya pili, simama, na bila kukunja vidole jaribu kuvuta mpira wa mguu urudi kuelekea kisigino ndio ule uvungu wa wayo uinuke kidogo. Shikilia hesabu ya tano, achilia.

Ya tatu, simama kwa ngazi na nusu ya mbele ya mguu, shusha visigino pole pole chini ya stepi, pandisha tena. Hii ndio inaandaa kano ya kisigino na shavu la mguu. Ukiiruka ndio unaona ile shida ya Jumatano. Maliza kwa kuviringisha mpira wa tenisi chini ya wayo, na ukipata mahali panauma kaa hapo kidogo.

*Utajua umefaulu* ukiweza kuinua gumba peke yake kwa miguu yote miwili, na ukasimama kwa mguu mmoja nusu dakika bila kushika kitu.

## Hatua ya 3: Ndani ya nyumba

Sasa ndio unaanza kutembea, na unaanzia kwa tailisi ama simiti ya nyumba yako. Toa patipati za ndani. Fagia vizuri kwanza, hasa jikoni, manake kipande cha glasi iliyovunjika mwaka jana bado kiko chini ya meko.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu kuna kosa linafanywa na watu wasomi kabisa. Wamesoma kwamba wakimbiaji wa peku wanatua na sehemu ya mbele ya mguu, so wanaanza kutembea na vidole nyumba nzima kama wanaogopa kuamsha mtoto. Kukimbia na kutembea ni vitu viwili tofauti. Binadamu akitembea anatua na kisigino, hata yule hajawahi kuvaa kiatu maisha yake yote, ndivyo mwili umejengwa. Ukijilazimisha kutembea na vidole unabebesha shavu la mguu kazi yote na ndani ya siku tatu limekaza.

Kinachobadilika ni uzito wa kutua. Kiatu kimekuzoesha kurusha mguu mbali na kugonga chini na kisigino, kwa sababu kuna soli nene inameza hiyo nguvu. Bila soli, fupisha hatua, tua na kisigino kwa upole, alafu acha mguu ulale upande wa nje, uingie kwa mpira wa mbele, na umalizie kwa kidole gumba.

Mwalimu wako ni sauti. Usiku TV ikiwa imezimwa, tembea kutoka mlango hadi dirisha. Ukisikia du, du, du, unagonga. Kwa hizi ploti zetu za Kasarani, Umoja na kwingine, jirani wa chini ndiye anajua vizuri zaidi, muulize kama anakusikia ukienda jikoni usiku. Endelea kufupisha hatua na kulainisha magoti hadi usikie tu ile sauti ndogo ya ngozi ikiachana na tailisi.

Muda: wiki ya kwanza nusu saa kwa jumla kwa siku, wiki ya pili ongeza hadi saa moja. Ukiwa unasimama sana kupika, hesabu hiyo pia, kusimama kwa simiti ngumu kunachosha miguu kuliko kutembea.

*Utajua umefaulu* ukiamka asubuhi na hatua za kwanza haziumi kisigino, na jirani amesema siku hizi hasikii kitu.

## Hatua ya 4: Beseni la kokoto

Mwaga zile kokoto za mviringo kwa beseni, ziweke kwa balkoni, simama ndani ukishika ukuta. Dakika moja kwa siku za kwanza, hadi ufike tano. Kanyaga kanyaga polepole.

Sababu ni kwamba nyumba ni tambarare na nje sio. Kokoto zinafundisha wayo kujikunja kufuata umbo la ardhi. Utaskia mwili mzima unakaza, mabega yanapanda, meno yanabana. Pumua, shusha mabega, acha mguu ulegee. Mguu uliokaza ndio unaumia, uliolegea unazunguka jiwe.

## Hatua ya 5: Nyasi

Kama kompaundi yenu ina nyasi safi una bahati, anzia hapo. Kama hauna, Arboretum ni pazuri, na Uhuru Park kuna sehemu nzuri pia. Nyasi ya kikuyu iliyokatwa inambembeleza mtu, ni laini na inachipuka nene. Lakini ule ulaini ndio mtego, unaficha vitu.

Chagua siku na akili. Jumapili Arboretum imejaa watu, familia na makanisa na mapikiniki, na Jumatatu asubuhi kwa nyasi kuna vifuniko vya soda, mifupa ya kuku, vijiti vya meno, na mishkaki. Ile ya mishkaki ndiyo naiogopa zaidi, inalala ndani ya nyasi rangi moja na majani makavu na ncha iko juu kidogo tu. Enda katikati ya wiki, na upande ulio mbali na njia kuu.

Ukifika, vaa viatu na utembee mstari wako kwanza, kama mita thelathini, ukiangalia chini. Okota kilichopo. Alafu vua na utembee huo huo mstari, kwenda na kurudi. Macho yaende hatua tatu ama nne mbele, usiangalie vidole vyako, ukiangalia vidole utakuwa umeshakanyaga kabla uone. Simu iwe mfukoni. Ukitaka kuangalia ndege ama kuongea na mtu, simama.

Baada ya kama dakika tano mambo yanabadilika, unaanza kutofautisha nyasi ya kivulini na ya juani, mahali maji hupita, mahali mizizi ya mti imepita chini. Kaa hapo kwa hiyo hali. Hakuna kitu cha kufikia.

Muda: dakika 10 mara tatu kwa wiki, siku ya kupumzika katikati. Ongeza dakika chache kila wiki hadi ufike nusu saa. Siku za kupumzika sio za wavivu, mfupa unajijenga ukiwa umepumzika.

*Onyo la Julai:* asubuhi za Julai Nairobi ni baridi na nyasi ina umande. Mguu uliopoa hauskii, unaweza kujikata usijue. Ngoja hadi saa nne jua litoke.

*Onyo la pili:* usitembee peku mahali pana kinyesi, karibu na mitaro wazi, kando ya mito yetu ya jiji, ama shamba linalonyunyiziwa maji ya sewa. Minyoo ya safura inaingia kupitia ngozi ya mguu, haihitaji kidonda, na inakaa kwa udongo wenye unyevu.

## Hatua ya 6: Udongo na njia za msitu

Usifike hapa kabla ya miezi miwili, hata kama ngozi yako imesema iko sawa. Ngozi ndiyo ya kwanza kuzoea, kumbuka.

Karura na msitu wa Ngong Road zina njia za udongo mwekundu ulioshindiliwa na miguu ya watu, na nadhani hakuna mahali pazuri zaidi kwa hii kazi hapa Nairobi. Udongo mwekundu ukiwa na unyevu kidogo unashika mguu vizuri. Ukiwa umelowa kabisa ni utelezi, shuka miteremko kwa hatua ndogo za upande upande. Upande wa Embakasi na Syokimau ni udongo mweusi, na huo siupendekezi: ukikauka unapasuka na kingo zake ni kali, ukilowa unaganda kwa mguu kilo nzima na unaficha chupa.

Tembea robo ya safari peku na iliyobaki na viatu. Vua viatu ukiwa unarudi, sio ukianza, ndio ukichoka uwe karibu na geti. Wiki ijayo, kama hakuna kilichouma, theluthi. Njia yenye changarawe kali vaa akala upite, alafu vua tena. Hakuna medali ya kuvumilia changarawe.

Angalia siafu, baada ya mvua wanavuka njia kwa mistari, na ukiwa peku wanapanda kabla ujue. Miiba ya migunga pia, huanguka na kulala ikiangalia juu.

Watu watakuangalia. Wengine watakuuliza kama umeibiwa viatu, na mzee mmoja ama wawili watakupa pole kutoka moyoni. Beba patipati mkononi zionekane, na uwajibu kwa heshima, kwa sababu kwa wengi wa wazazi wetu kutembea peku kulikuwa ni kukosa, na si jambo la kufurahisha kwao kukuona hivyo.

## Hatua ya 7: Lami na kabro

Fupi tu. Pevimenti ya mtaa tulivu, asubuhi kabla jua liive, dakika chache. Saa sita lami inachoma hadi malengelenge, jaribu kwanza na nyuma ya mkono, ukishindwa kuuacha hapo hesabu ya saba, mguu hautaweza.

Na kuna mahali hapatembelewi peku, mwaka wa kwanza ama wa kumi: stendi za matatu, Gikomba, Marikiti, Muthurwa, Kirinyaga Road na gereji zake, Kamukunji mahali mabati yanakatwa. Vipande vya chuma, mafuta, misumari. Vaa viatu, hakuna cha kujadili.

## Hatua ya 8: Ukirudi nyumbani

Osha na sabuni, sugua katikati ya vidole, kausha hadi pakauke kweli. Rudia kioo na tochi kila mara, hata ukiwa umechoka. Unatafuta miiba, mikato, malengelenge, na funza.

Funza anapenda pembeni ya kucha na chini ya vidole. Anaanza na kuwasha, alafu unaona kidoa cheupe chenye nukta nyeusi katikati. Anakaa kwa vumbi kavu, hasa mahali wanyama wanalala. Usichokore na pini ambayo mwingine ametumia, hiyo inaweza kupitisha magonjwa ya damu. Enda kituo cha afya.

Uking'oa mwiba na kibano ulichokipangusa na spiriti, fuata upande ulioingilia, usivute kwa pembe. Maliza na mafuta kwa kisigino na wayo, lakini sio katikati ya vidole, hapo unyevu unalea fangasi.

## Maumivu yanamaanisha nini

Ngozi kuwa laini na moto kidogo jioni, sawa. Shavu la mguu kuuma siku moja ama mbili kama baada ya mazoezi, sawa, pumzika na ufanye stepi za ngazi kwa upole. Wayo kuchoka katikati, sawa.

Kisigino kuchoma kwa hatua za kwanza za asubuhi alafu kupoa ukitembea: ule utando wa chini ya wayo umelemewa. Rudi hatua mbili nyuma, vaa viatu kwa muda, tumia mpira wa tenisi.

Kano ya nyuma ya kisigino kuvimba ama kukaza kila asubuhi: simama wiki nzima, na ukirudi punguza muda nusu.

Maumivu ya mahali pamoja pa mfupa, juu ya mguu nyuma ya vidole, ambapo ukibonyeza na kidole kimoja unaruka: acha kabisa. Usijaribu kesho uone. Huo unaweza kuwa ufa mdogo kwa mfupa, na ukiendelea kuutembelea unaweza kuvunjika kabisa. Enda hospitali, na ujue picha ya kwanza ya X-ray wakati mwingine haionyeshi, so kama bado panauma baada ya wiki mbili rudi.

## Ukijikata ama ukidungwa na msumari

Keti. Kama ni mkato mdogo, osha na maji mengi safi ya kutiririka na sabuni, bonyeza na kitambaa safi hadi damu ikome, weka plasta, vaa akala urudi nyumbani. Usiweke majani ya chai, udongo, mafuta ya taa wala dawa ya meno.

Msumari ni kitu kingine. Tundu ni dogo na halitoi damu nyingi, ndio maana watu wanalidharau, lakini uchafu umeingia ndani kabisa na hauoshiki. Enda hospitali siku hiyo hiyo, na useme chanjo yako ya pepopunda ilikuwa lini. Kama ni zaidi ya miaka 5 na kidonda ni kichafu, watakuongezea. Kipande kilichokwama ndani sana usikivute mwenyewe.

Baadaye angalia kila siku: wekundu unaosambaa, joto, usaha, mstari mwekundu unaopanda mguu, homa. Moja ikitokea, rudi.

## Viatu vya kati ya wiki

Hauwezi kuwa peku saa moja kwa wiki na masaa mengine yote vidole vimefungwa. Simama juu ya karatasi, chora mguu wako, ukate, uweke hiyo karatasi ndani ya kiatu unachovaa kazini. Kama inakunjika mbele, kiatu kinakubana. Ukienda mitumba beba hiyo karatasi, pima kabla ya kuongea bei. Tafuta mbele pana, kisigino kisichoinuka, soli inayokunjika ukiipinda na mikono. Lakini usibadilishe vyote mara moja, kile cha zamani endelea nacho siku za kutembea sana mjini.

## Mvua ikianza

Kuanzia Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba mambo ya nje yanabadilika. Sewa zinafurika, maji yanahamisha chupa na misumari hadi mahali palikuwa safi jana, na ngozi iliyolowa inakatika kwa urahisi. Dimbwi usilikanyage kamwe kama huoni chini. Hiyo miezi rudia beseni la kokoto na tailisi, na nje utoke zile siku kumekauka. Mvua ikikatika usirudi kwa muda ule uliachia, anza nyasi upya kwa nusu ya dakika ulizokuwa nazo, kagua mstari wako na viatu kama siku ya kwanza, na uongeze wiki kwa wiki.